Kabla Hujang'oa Kadi ya Wi-Fi

Mpwa wangu aliye kidato cha tano alirudi kutoka Kariakoo amenuna. Alikuwa amepeleka laptopu yake, mashine ya mwaka 2012 aliyorithi kwa dada yake, kwa sababu masomo ya video yalikuwa yanakwama kila jioni. Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey hakuiwasha. Aliigeuza, akauliza umri wake, akasema adapta ya Wi-Fi iliyomo ni ya kizamani na bila kununua ya kizazi kipya hakuna spidi atakayoipata. "Mjomba, kasema hata tukilipia kifurushi kikubwa vipi, kadi hii haiwezi," akaniambia, kisha akataja bei ambayo mama yake hana.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafungia ndugu na majirani ruta zao, na maneno ya muuzaji yule nayafahamu yote. Nayasikia madukani, nayasikia kwa mafundi, siku hizi nayasikia hata sebuleni kwa watu wasiouza chochote. Yananiuma, kwa sababu anayeyalipia mara nyingi ni mtu mwenye pesa kidogo na haja kubwa: mwanafunzi, mama anayeuza nguo kwa simu, mzee anayetaka kuonana na mwanawe aliye Muscat. Basi nitayajibu moja baada ya jingine, na pale yalipo na ukweli nitasema.

Lile linalouza kuliko yote ni la umri: kadi ikishapita miaka mitano au sita, ni ya kutupa. Kadi ya Wi-Fi haichakai kama tairi. Ikiwa inafanya kazi, hutuma na kupokea kwa kasi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Vinavyobadilika ni vitu vinavyoizunguka, yaani ruta, kifurushi, na idadi ya majirani wenye ruta zao. Kwa hiyo umri hautoshi kuihukumu. La kujua ni kasi gani inapita, na inabanwa wapi.

Ndani ya laptopu ya mpwa wangu mna kadi ya 802.11n, kiwango kilichoidhinishwa mwaka 2009 ambacho Wi-Fi Alliance, tangu 2018, wanakiita Wi-Fi 4. Ina antena moja na inasikia bendi ya gigahezi 2.4 peke yake. Kasi yake ya juu kabisa, katika chaneli ya kawaida ya megahezi 20, ni megabiti 72 kwa sekunde. Muuzaji anaiweka 72 hiyo kando ya 1200 iliyoandikwa kwenye boksi lake, na mteja anaona haya kwa kuwa na kitu duni. Lakini kifurushi changu cha faiba ni megabiti 20. Tukubali pia kwamba kasi ya redio si kasi ya kazi: sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kusubiri zamu, kuthibitisha kwamba ujumbe umefika, na kurudia uliopotea, na kinachobaki ni kama nusu, pengine zaidi kidogo. Nusu ya 72 ni 36. Bado ni karibu mara mbili ya zile 20 ninazolipia.

Hatukuishia kwenye hesabu, tulipima. Saa nne asubuhi, laptopu ikiwa mita tatu kutoka kwenye ruta, ilipata 19 na ushei. Simu yangu yenye Wi-Fi 6, mahali palepale, ikapata 19 na ushei. Tukaichomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, matokeo yakawa yaleyale. Kadi ya 2012, simu ya juzi na waya vyote viligota kwenye ukuta mmoja, na ukuta huo ni kifurushi. Kama ningemnunulia kijana adapta ya bei yoyote asubuhi ile, asingeona tofauti hata ya chembe.

Wakati mwingine panapobana ni mbali na nyumba kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zilizolazwa baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku zile nilipigiwa simu na watu watatu waliotaka niwabadilishie kadi za Wi-Fi. Mmoja alikuwa ameshailipia.

Kuhusu namba kubwa za kwenye boksi, inafaa mnunuzi ajue zinavyopatikana. Adapta inayoitwa AC1200 haina mahali popote inapokimbia 1200. Watengenezaji wamejumlisha bendi mbili: 300 za gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, jumla 1167, wakazungusha kwenda juu. AC600 ni 150 na 433 zilizozungushwa kwa namna hiyohiyo. Adapta haitumii bendi mbili kwa wakati mmoja, inachagua moja. Kisha kuna tundu unalochomeka. USB 2.0 kikomo chake kwenye karatasi ni megabiti 480, na kwa kazi ni chini ya hapo, kwa hiyo zile 867 haziwezi kupita katika laptopu ya zamani isiyo na USB 3.0. Na ruta nyingi ndogo zinazogawiwa na kifurushi zina matundu ya waya ya megabiti 100. Anayeuziwa kwa namba ya boksi ananunua jumla ambayo hakuna kifaa ndani ya nyumba kitakachoifikia.

Baada ya vipimo vile mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza swali la haki: "Sasa jioni kuna nini?"

Hapo ndipo nilipolazimika kumpa muuzaji sehemu ya haki yake. Saa mbili usiku tulipima tena. Simu, iliyokuwa imeshika bendi ya gigahezi 5, ilipata 18. Laptopu, mita tatu kutoka kwenye ruta ileile, ilipata 4. Kifurushi ni kimoja na chumba ni kimoja, kwa hiyo safari hii palipobana ni hewani. Nilifungua programu ya kuonyesha mitandao iliyo karibu, tukahesabu 23, na karibu yote ilikuwa kwenye gigahezi 2.4. Tunaishi Sinza, nyumba zimebanana, kila ghorofa ina ruta tatu au nne.

Bendi ya 2.4 kwetu ina chaneli 13, lakini chaneli hizo zimelaliana. Zinazoweza kukaa pamoja bila kukanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Walio kwenye chaneli moja wanasikilizana na kungojana, mithili ya watu wazima na watoto kwenye kisima chenye kata moja. Asubuhi watu wako kazini na shuleni, unachota upendavyo. Saa mbili usiku mtaa mzima umerudi na unaangalia video, kila mmoja anasubiri kata. Ongeza spika za Bluetooth, ongeza maikrowevu ya jirani inayovujisha mawimbi karibu na gigahezi 2.45, na utaelewa kwa nini kadi iliyokuwa nzima asubuhi inaonekana mgonjwa usiku.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya bure. Ruta yetu ilikuwa imejichagulia chaneli ya 4, yaani ilikuwa inagombana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6 kwa pamoja. Niliiweka kwenye 1, ambako palikuwa na wachache, na laptopu ikapanda hadi 9. Sehemu nyingine ya dawa ilikuwa kuitoa ruta nyuma ya televisheni na kuipandisha juu ya kabati. Ni kazi ya dakika kumi, lakini sijamsikia muuzaji akiitaja. Hata hivyo 9 kwa saa za msongamano hazikumtosha mtu anayesoma huku nduguze wakiangalia mpira, na kadi ile haina uwezo wa kusikia gigahezi 5 hata ukiibembeleza. Kwa nyumba hii, kwa kijana huyu, adapta ya bendi mbili ilikuwa na kazi. Sababu ni msongamano wa bendi moja, na si umri wala 1200.

Anayetaka kujua kadi yake iko upande gani asiulize dukani. Kwenye Windows afungue dirisha la amri, aandike netsh wlan show drivers, kisha atafute mstari unaoorodhesha aina za redio. Akiona b, g na n tu, kadi yake ni ya gigahezi 2.4 peke yake. Akiona pia herufi a, au ac, au ax, kadi yake tayari inasikia gigahezi 5, na pengine ruta ndiyo isiyotangaza bendi hiyo. Nimekuta laptopu za 2013 zilizokuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza, na wenyewe wanajiandaa kununua kitu kilichomo ndani mwao.

Lakini lipo dai la upande wa pili, kwamba gigahezi 5 ni bora kila mahali. Si kweli kwa nyumba zetu. Mawimbi yake hupungua nguvu haraka zaidi yanapopita kwenye tofali za saruji, na mlango wa chuma ni kizuizi kikubwa zaidi. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, penye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nimeona gigahezi 5 ikifia chumba cha pili huku 2.4 ikifika, kwa unyonge, hadi uani. Kama kompyuta inakaa vyumba vitatu kutoka kwenye ruta, adapta mpya itashika gigahezi 5 dhaifu, itayumba, kisha itarudi kwenye 2.4 ileile iliyojaa. Huko waya mmoja uliopitishwa juu ya dari unashinda adapta yoyote.

Wengine huogopa kwamba adapta ya Wi-Fi 6 haitaelewana na ruta ya zamani. Itaelewana, kwa lugha ya ile ruta. Tatizo linalotokea kweli ni la upande mwingine: mwaka 2019, ruta za Wi-Fi 6 zilipoanza kuenea, kadi kadhaa za Intel za miaka ya nyuma, kama 7260, hazikuuona kabisa mtandao mpya. Watu wakadhani zimekufa. Intel ikaeleza kwamba kinachohitajika ni kusasisha draiva, nazo zikauona. Ukinunua ruta mpya na laptopu ya zamani ikawa haiioni, anzia hapo kabla hujatoa pesa nyingine.

Kuna dai linalozua ugomvi ndani ya familia, kwamba kifaa kimoja cha zamani kinawavuta wote chini. Nimeona mama mkwe wa mtu akiambiwa azime simu yake ili wengine wapate mtandao, na nilisikitika. Tukirudi kwenye kisima, ukweli ni kwamba anayechota polepole anakaa na kata muda mrefu. Kifaa cha 802.11b, kiwango cha mwaka 1999 chenye megabiti 11, kinatumia zaidi ya mara sita ya muda wa kifaa cha 72 kwa mzigo uleule. Lakini vifaa vya b vilivyobaki majumbani ni vya kutafuta kwa tochi. Na yanayochelewesha leo kwa kawaida ni mambo mengine: simu mpya kabisa iliyo chumba cha mbali, ikipokea mawimbi hafifu, nayo hushuka hadi kasi ya chini na kushikilia kata vilevile. Zaidi ya hapo, kifaa cha zamani kilichobaki kwenye 2.4 hakiwagusi hewani walio kwenye gigahezi 5, maana hicho ni kisima kingine. Mwachieni mama simu yake, hamisheni simu zenu.

Suala la usalama nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko la spidi. Wanasema adapta ya zamani ni mlango wazi kwa wezi. Inategemea ni ya zamani kiasi gani. Kifaa kinachojua WEP tu kitolewe nyumbani leo, kwani ufunguo huo ulivunjwa na watafiti mwaka 2001 na siku hizi kuuvunja ni kazi ya dakika chache. WPA2 ilikuja mwaka 2004, na tangu Machi 2006 hakuna kifaa kipya kilichopewa cheti cha Wi-Fi bila kuwa nayo. Kwa hiyo kadi ya 2012 inayo. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa Ubelgiji, alitangaza udhaifu uitwao KRACK uliogusa WPA2 yenyewe, na watu wengi wakaambiwa wanunue vifaa vipya. Tiba yake ilikuwa masasisho ya programu. Waliosasisha waliponea palepale walipo, na aliyenunua adapta mpya akaichomeka kwenye mfumo ambao haujasasishwa hakupona kwa kununua tu. WPA3 ya 2018 ni bora, sibishi, lakini ruta zinazoiweza nyingi zina mpangilio wa kupokea WPA2 na WPA3 kwa pamoja, kwa hiyo kifaa cha zamani hakilazimiki kufukuzwa. Ninachokiogopa zaidi ni adapta ya bei ya chini isiyo na jina, iliyokuja na kisahani cha draiva ambacho laptopu haina pa kukisomea, kisha mtu anaenda kuitafuta draiva hiyo mtandaoni kwenye kurasa asizozijua. Mlango unafunguliwa hapo.

"Fundi yeyote anabadilisha kadi ya ndani kwa dakika tano." Hili lilinigharimu mimi mwenyewe. Nilimnunulia kaka yangu kadi nzuri, nikaifunga kwa uangalifu, nikawasha, na laptopu ikagoma kabla haijaingia kwenye Windows: skrini nyeusi na maneno kwamba kadi isiyoruhusiwa imewekwa. Mtengenezaji alikuwa ameandika ndani ya mashine orodha ya kadi anazozikubali, na ile haikuwamo. Muuzaji hakuirudisha pesa. Tangu siku hiyo natafuta kwanza modeli ya laptopu na uzoefu wa walioifungua. Kuna mengine ya kuangalia: laptopu za hadi karibu 2014 nyingi zina nafasi ya mini PCIe, za baadaye zina M.2, na vichwa vya waya za antena vya kadi za M.2 ni vidogo zaidi, haviingiliani. Hata katika M.2 kuna mtego wa tarakimu moja. Intel AX200 inafanya kazi kwenye mashine nyingi, lakini AX201 inaingia kwenye tundu lilelile na inahitaji prosesa na bodi za Intel zilizoandaliwa kwa ajili yake, bila hizo imekaa tu. Kwa anayeanza, ya USB ni salama zaidi, na ubaya wake mkubwa una tiba rahisi: waya mfupi wa kuirefusha, ili antena isijifiche nyuma ya mashine. Iwe mbali pia na vifaa vya USB 3.0, kwani Intel wenyewe walichapisha mwaka 2012 kwamba vinatoa kelele kwenye gigahezi 2.4.

Televisheni nitaipitia haraka. Kuwa na tundu la USB si kukubali adapta ya USB. Televisheni za zamani zilizotangazwa kuwa ziko tayari kwa Wi-Fi nyingi zilikubali adapta ya mtengenezaji wake tu, na hizo zimeshaadimika. Tumia waya, au kisanduku kidogo cha HDMI.

Limebaki lile la kukata tamaa: usihangaike, tupa, nunua mpya. Windows 10 ilikoma kupokea masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2018, kwa hiyo dai hili limepata nguvu. Bado silikubali. Laptopu ya mpwa wangu inaandika, inahesabu, inaonyesha video, na kwa Linux itaendelea kupokea masasisho. Anayekwenda njia hiyo achague adapta kwa chipu iliyo ndani, si kwa rangi ya boksi. MT7612U ya MediaTek, kwa mfano, draiva yake imo ndani ya Linux tayari, wakati baadhi ya nyingine zinakutaka uijenge mwenyewe kila mfumo unaposasishwa. Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya 2024, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sitaki mashine inayofundisha mtoto iende huko kwa sababu ya kadi yenye ukubwa wa stempu.

Jumamosi tulirudi Kariakoo pamoja, duka jingine. Tulinunua AC600 ya USB, ya bendi mbili, pamoja na waya wake wa kurefusha, kwa chini ya nusu ya kifurushi changu cha mwezi. Saa mbili usiku ilipata 17. Dada yake ana laptopu ya 2014 iliyo na herufi a kwenye orodha yake. Hiyo tuliielekeza kwenye gigahezi 5, tukaifunga, tukairudisha kwenye mkoba.